Viterbi ya kukata shauri au ya kubakiza shaka? Picha za Meteor zinanitesa

Waya_Raskazone: Wakuu, heshima kwenu. Napokea picha za hali ya hewa kutoka setilaiti ya Kirusi, Meteor-M, kwenye 137.9 MHz, kwa antena ya waya niliyoikunja umbo la V juu ya paa hapa Tanga. Ikipita utosini picha ni safi. Ikianza kuzama, mistari myeusi inakatakata pwani yote. Dekoda, yaani programu ya kusimbua mawimbi, nimeiandika mwenyewe: kila thamani inayoingia naifanya 0 au 1, ndipo Viterbi, ile mbinu ya kutafuta biti zilizoelekea zaidi kuwa zilitumwa, inaanza kazi. Niibadilishe ipokee thamani ghafi, kabla ya kuzifanya 0 au 1, au nihamie LDPC kabisa, ule msimbo mwingine wa kurekebisha makosa? Laptopu yangu ni kuukuu.

Kilowati: Hamia LDPC, mkuu. Ndiyo iliyomo kwenye ving'amuzi vya DVB-T2 na data za 5G. Viterbi ni ya 1967, zilipendwa hizo.

BintiSaketi: Kilowati, unampoteza mwenzio. Dekoda hufuata msimbo aliotumia mtumaji. Meteor inatuma msimbo wa konvolusheni, ambao Viterbi huusimbua: ikiingia biti moja zinatoka mbili. Umefungwa juu ya Reed-Solomon (255,223), msimbo wa pili unaorekebisha baiti mbovu. Hapo LDPC haina cha kusimbua. Na kama ni umri, Gallager alibuni LDPC mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya hiyo Viterbi unayoiita zilipendwa 😀

Kilowati: Nimekubali, dada. Narudi kwenye benchi.

Mzee wa Mawimbi: Kijana, kosa lako ni kukata shauri mapema. Chukua msimbo wa kitoto, wa kurudia mara tatu. Nimetuma 1, yaani +1, +1, +1. Kelele zikaingia, ukapokea +0.9, -0.1, -0.2. Ukigeuza kwanza unapata 1, 0, 0. Kura mbili kwa moja, unaandika 0. Umekosea. Sasa jumlisha zilivyo: +0.6, jibu ni 1. Zile mbili zilikuwa zinasitasita tu, wewe ukazihesabu kama mashahidi kamili.

Kwenye Viterbi ni hivyo hivyo, na faida yake ni karibu dB 2 (desibeli), yaani unasoma hata mawimbi dhaifu zaidi. Huhitaji namba zenye desimali ndefu. Ngazi 8 tu, yaani biti 3, zinakupa karibu faida yote.

Waya_Raskazone: Shikamoo mzee, nimeelewa. Laptopu itahimili?

Mzee wa Mawimbi: Marahaba. Urefu wa msimbo ni 7, yaani kinachotoka hutegemea biti mpya na 6 zilizotangulia. Kwa hiyo hali, yaani michanganyiko ya hizo 6, ni 64, na kila hali inaingiwa na njia mbili: njia 128 kwa kila biti. Meteor inatoa biti 72,000 kwa sekunde, ukizidisha unapata kama milioni 9. Hata laptopu ya kuazima inaweza. Kurudi nyuma kutafuta njia, biti 35 hivi zinatosha, mimi huweka zaidi.

BintiSaketi: Usiisahau Reed-Solomon. Viterbi ikiteleza, hukosea kwa mkupuo. Kila bloku ya baiti 255 inarekebisha baiti 16 mbovu, na Meteor inachanganya bloku 4 kwa zamu. Mkupuo wa baiti 40 unagawanyika kumi kumi, zote zinapona. Ukisahau kuzitenganisha kabla ya kurekebisha, utailaumu Viterbi bure.

Waya_Raskazone: Mrejesho, wakuu. Jana nilibadilisha, picha ikawa mbaya kuliko mwanzo! Nusura nirudi kwenye 0 na 1. Kumbe nilikuwa nimegeuza alama: chanya nimeiita 0 upande mmoja, upande mwingine nimeiita 1. Leo asubuhi nimerekebisha. Pemba ipo, Unguja ipo, na wingu kubwa limekaa juu ya Mafia. Kusini ya hapo bado kuna mistari miwili mitatu.

Mzee wa Mawimbi: Upande wa kusini wa paa lako kuna nini?

Waya_Raskazone: Mwembe wa jirani, mzee.