Wauza santuri mnaotuambia mikwaruzo "ndo utamu wenyewe", mmetuchosha

Wakuu habari za jioni. Leo naomba mnivumilie natoa povu, na kama wewe unauza santuri mtandaoni basi uzi huu unakuhusu hata kama sijakutaja jina.

Kuna jamaa yuko Arusha ana peji yake ya santuri za zamani, picha kali, mwanga wa njano, kila kitu kimepangwa kama studio. Akaweka The Sidewinder, albamu ya jazz ya mpuliza tarumbeta Lee Morgan iliyotoka kampuni ya Blue Note, maelezo kwa herufi kubwa: ORIJINO 1964, CHAPA YA KWANZA, MINT, HAIJAGUSWA (mint ni lugha ya wauza santuri, yaani kama mpya kabisa). Bei laki mbili na themanini. Nikamuuliza kaka hii umeipiga ukaisikiliza? Akasema boss hii ni mint haina shida, kuna wateja wengine wanaisubiri, tuma hela nikuwekee kwenye basi la kesho. Hela ikaenda, mzigo ukaja Dar umefungiwa kwenye boksi la biskuti lililokatwa katikati, juu kuna mtu kaandika USIKUNJE kwa peni ya bluu, huyo namshukuru maana kwenye biashara nzima ndo peke yake aliyefanya kazi yake.

Nageuza kava nyuma nakutana na bakodi.

Bakodi wakuu! Ile mistari myeusi ya kuskani supamaketi. Bakodi ya kwanza kusomwa kaunta ilikuwa 1974 kule Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya bablishi za Wrigley's. Sasa santuri ya 1964 bakodi imeitoa wapi, waliota? Lee Morgan mwenyewe kafariki 1972, hajawahi hata kuona bablishi ikiskaniwa. Nikatoa sahani nikaishika chini ya taa kuangalia lile eneo laini karibu na lebo ambalo halina muziki, kwa sababu chapa za mwanzo za Blue Note za miaka hiyo zina muhuri wa VAN GELDER pale, yaani Rudy Van Gelder fundi sauti aliyerekodi kule Englewood Cliffs, Marekani, na kukata sahani mama (ile ya kuchapia nyingine) yeye mwenyewe, na pembeni yake kuna kialama kidogo kama sikio ambacho ni P ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinawachapia mpaka 1966. Kwangu hakuna muhuri, hakuna sikio. Ni chapa ya marudio ya miaka ya themanini. Na chapa ya marudio sio dhambi jamani, nyingine zinapiga vizuri kuliko orijino iliyochoka, Blue Note wenyewe mpaka leo wanachapa upya kutoka kwenye kanda za asili na watu tunanunua kwa moyo mweupe. Dhambi ni kuniuzia kwa bei ya orijino halafu ukiulizwa unanitumia skrinshoti ya Discogs, ule mtandao wa kuorodhesha na kuuza santuri, ya nakala ya mtu mwingine kabisa, mono (sauti ya njia moja) ya 1964, kama vile zote ni mapacha.

Haya, tuseme bakodi nimeimeza. Naiweka kwenye pleya.

Wanaoijua hiyo rekodi wanajua inavyoanza, piano ya Barry Harris na besi ya Bob Cranshaw zinaingia taratibu na ngoma ya Billy Higgins inatembea chini yake, afu ndo tarumbeta na saksafoni ya Joe Henderson zinapiga ile mada kwa pamoja. Kwangu besi ilikuja na mvua ya mawe. Pwa, pwa, pwa, kila mzunguko. Tarumbeta ilipopanda juu ndo kabisa, sauti inachanika, inatoa mchanga, Morgan anapuliza kama ana mafua. Nikanyanyua mkono wa pleya kuangalia sindano, imebeba tope jeusi zito. Nikapitisha kidole ukingoni mwa sahani, kinateleza. Nanusa, mafuta ya mgando! Mtu kachukua mafuta ya kupaka mwilini kasugua santuri ili ing'ae kwenye picha, yakajaa kwenye mifereji, vumbi likanasa, na sindano yangu ikageuka jembe. Mama watoto kapita sebuleni kasimama kidogo kaniuliza, hii ndo ya laki mbili na themanini? Sikuwa na jibu la kumpa.

Nikampigia jamaa. Mnajua kaniambiaje? "Boss hiyo mikwaruzo ndo utamu wa santuri, ungetaka sauti safi ungesikiliza kwenye simu."

Hapo ndo nilipopanda mzuka na hapa ndo penye uzi wenyewe. Nani kawaambia hivyo? Santuri iliyotunzwa, ikaoshwa, ikapigwa na sindano nzima iko kimya. Unashusha mkono unasikia hewa kidogo tu halafu muziki. Ile pwa-pwa ni uchafu, au umeme tuli, au mchubuko, na ule mchaniko wa tarumbeta ni mifereji iliyosagwa, ukishasagwa haurudi hata uoshe na maji ya zamzam. Sehemu zenye sauti kali za juu ndo huwa za kwanza kufa, kwa hiyo kwenye jazz anayeumia ni mpuliza tarumbeta na matoazi ya mpiga ngoma. Unaniambia huo ni utamu? Siku hiyo Van Gelder hakurekodi mchanga.

Na wanaozisaga ni nyie nyie na vipleya vya kukunja kama begi mnavyopigia picha. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) za kauri zile nyingi zinakandamiza gramu 5 na kwenda juu, wakati katriji ya kawaida ya sumaku inataka gramu 2 au hata pungufu. Sindano yenyewe imetumika mpaka ncha imekuwa patasi, hajui ilibadilishwa lini, na ikianza kuruka anabandika sarafu juu ya kichwa kwa selotepu. Nimeiona kwa macho yangu, sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mkono wa pleya, na mwenye nayo anajisifu kwamba tatizo kalitatua! Eti sasa hairuki. Itarukaje mkuu, umeigeuza greda.

Kinachoniuma zaidi sio hata hizo za Marekani, za Lee Morgan zipo nyingi duniani, nitapata nyingine. Zinaniuma za kwetu. Singo za Morogoro Jazz enzi za Mbaraka Mwinshehe, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Kilwa Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, zile sahani ndogo za inchi 7 za kuzunguka mara 45 kwa dakika, nyingi zilichapwa Nairobi na hazijawahi kurudiwa. Zimepita kwenye mabaa, kwenye jukiboksi, kwenye harusi, zimeshakula chumvi ya kutosha. Ile iliyobaki nzima leo ni bahati, na wewe dalali unaichukua kwa mzee wa watu kwa elfu mbili, unaipandisha bei ya madijei wa Ulaya, na kabla ya kuiuza unaipiga na sarafu ili uoneshe kwenye status kwamba inafanya kazi. Gitaa la solo likiingia inatoka sauti ya kaanga.

Na santuri zile kongwe nzito za kuzunguka 78 kwa dakika kuna kanjanja mwingine anazifuta na spiriti! Zile nyingi sio plastiki wakuu, ni shelaki, utomvu wa wadudu uliokaushwa, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti, ndo inavyotengenezwa vanishi ya mafundi seremala. Anafuta anaona kitambaa kinakuwa cheusi anafurahi anadhani ni uchafu unatoka. Ni muziki huo unatoka.

Nisiongelee wanaozilaza chini moja juu ya nyingine stoo yenye bati, jua la Dar mnalijua, santuri inajikunja kama chapati halafu anaandika "imepinda kidogo haiathiri". Wala wale wa kuzigongelea misumari ukutani kama mapambo, hao Mungu anawaona.

Sasa kuna watakaokuja hapa kusema mkuu si urudishe mzigo. Nimeomba kurudisha, kaniblock, na namba nyingine niliyompigia kasema yeye ni mdogo wake na hajui lolote kuhusu santuri. Kuna wengine watasema hizi kelele za watu wenye hela, Bluetooth ipo. Sawa, endeleeni na Bluetooth, hela ni yangu na masikio ni yangu.

Ninachotaka kidogo tu, muuzaji asiyekuwa na pleya aandike "sijaisikiliza", bei ishuke tujue tunabahatisha wote. Mwenye pleya arekodi video, sindano ikishuka mpaka wimbo wa mwisho wa upande, maana ule wa ndani karibu na lebo ndo unaosema ukweli, huko ndo sauti inaharibika kwanza na nyie mnatuwekea sekunde kumi za mwanzo. Apige picha ya lebo karibu nione tundu la katikati limekwaruzwa kiasi gani, na lile eneo laini lenye namba zilizochongwa, na nyuma ya kava. Basi.

Mwenye singo za Atomic Jazz au Jamhuri Jazz aje PM na video. Asiyeweza kurekodi asinisumbue, na wa mafuta ya mgando asiguse hata kitufe cha kureply.