Kichocheo cha shaba kinakufa mzunguko wa tatu, naombeni ushauri

Bagasi_Lab: Wakuu, natoa furfurali (kimiminika kinachotokana na sukari za mimea) kwenye makapi ya miwa kwa asidi ya salfuriki, kisha naitia haidrojeni igeuke kuwa alkoholi ya furfurili. Kichocheo ni shaba 10% juu ya silika, chanzo kloridi ya shaba, kimechomwa 550°C, ridaksheni (kuiondolea oksijeni ibaki shaba tupu) 450°C kwa haidrojeni tupu. Otoklevu (chungu cha presha) ya ml 100: isopropanoli ml 50, furfurali g 2.5, kichocheo g 0.25, bar 30, 140°C, saa 4. Mara ya kwanza inageuka 95%, ya tatu 40%, na kichocheo kinatoka cheusi, kinanata. Nikeli imenipa mchanganyiko wa vitu vingi. Nihamie paladiamu? Bajeti ni finyu.

Tanuri: Usihamie, mkuu. Shaba inashika upande wa C=O (kaboni na oksijeni) wa furfurali na kuikwepa pete ya furani (duara la atomi la molekuli hiyo), ndiyo maana inaishia kwenye alkoholi. Nikeli na paladiamu zinailaza pete juu ya uso wao, zinaendelea kuitia haidrojeni.

Kasoro iko kwenye matayarisho. Kloridi inayobaki inaifanya shaba itembee ikipata joto, chembe zinaungana kuwa madonge, na 450°C inamalizia kazi. Tumia naitrati. Kwa g 10 za kichocheo: naitrati ya shaba yenye maji matatu g 3.8, silika g 9. Pima kwanza g 1 ya silika inameza maji kiasi gani kabla ya kulowa nje, zidisha kwa 9, yeyushia naitrati humo, dondoshea huku unakoroga. Kausha 110°C usiku kucha. Choma 400°C saa 4, ukipandisha digrii 2 kwa dakika. Ridaksheni 250–280°C saa 3, haidrojeni 5% ndani ya nitrojeni. Haidrojeni tupu hapana: oksidi ya shaba inatoa joto lake yenyewe ikipoteza oksijeni, na kitanda kinapita kipimo unachokisoma.

Kichujio: Huko kunata ni utomvu. Furfurali ya makapi huja na asidi asetiki, na alkoholi ya furfurili ikikutana na asidi inajifunga kuwa resini. Hiyo ni hatari pia, kwa sababu inatoa joto kali. Sawazisha kwa kaboneti ya sodiamu hadi pH 7, kenekesha (ivukishe, kisha kusanya mvuke uliopoa) kwa vakyumu, tunza gizani kwenye friji chini ya nitrojeni. Ikishageuka kahawia, kenekesha tena. Hakikisha pia hakuna tone la asidi ya salfuriki lililorushwa na mvuke. Salfa inaua shaba moja kwa moja.

Kichocheo cha zamani kioshe kwa asetoni, kichome 400°C hewani polepole, kisha ridaksheni upya. Kikirudi 95%, kilichokizuia kilikuwa utomvu. Kisiporudi, shaba imeshikana, imepata salfa au imechuruzika (imeyeyuka na kutoka kwenye silika).

Tanuri: Kuhusu kuchuruzika: chuja mchanganyiko ukiwa moto katikati ya safari, rudisha kimiminika chake peke yake, bila kichocheo, chini ya haidrojeni. Kikiendelea kugeuza furfurali, kuna shaba iliyoyeyuka.

Na soma geji baada ya kupoa. Furfurali g 2.5 yote ikigeuka, na nafasi ya gesi ikiwa ml 50, presha inashuka takriban bar 13. Ikishuka zaidi, kuna mvujo au pete imeanza kushambuliwa. Shaba iliyotoka kwenye ridaksheni ihamishe ikiwa ndani ya isopropanoli, isiguse hewa, maana inashika joto ghafla.

Bagasi_Lab: Naitrati ninayo. Naanza na kukenekesha furfurali.