Nimezoea harusi, sasa kampuni inataka kotesheni ya mkutano wa siku 2. Nichaji vipi?

lenzi_ya_tabata
Wakuu habari za humu, naombeni msaada kabla sijaharibu. Mimi ni mpiga picha, nipo Dar, huu mwaka wa tano napiga harusi, sendoff, kipaimara, kitchen party, yani shughuli za kifamilia, na bei zangu huko nazijua, mtu akija na laki mbili najua nampa nini na akija na milioni najua nampa nini. Sasa kuna dada nilimpigia sendoff yake, ni afisa kwenye kampuni moja ya bima hapa mjini, jana kanipigia anasema wana mkutano wa mawakala wao siku 2 pale JNICC (kile kituo cha mikutano cha Julius Nyerere), halafu wiki inayofuata wanataka picha za profaili za wafanyakazi 35 ofisini kwao, za kuweka kwenye tovuti na ripoti ya mwaka. Kaniambia tuma kotesheni (karatasi ya makadirio ya bei) kesho jioni, ambatanisha TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, watu wa manunuzi wanataka.

Asa mimi kotesheni yangu siku zote ni meseji ya wasap 😅. TIN ninayo, leseni ya biashara imeisha mwezi wa sita (msinicheke). Kamera ni Sony A7 III, ya akiba Canon 6D ya zamani, lenzi 24-70 na 85 zote za Sony. Nichaji kwa siku au kwa picha? Mshkaji wangu kasema weka laki 4 kazi nzima ili wasikukimbie. Nikitaja kubwa naogopa kukosa, nikitaja ndogo naogopa kujuta.

mzee_wa_flashi
Laki 4 kazi nzima?? Huyo mshkaji wako hajawahi kuediti picha 900 za watu wamekaa kwenye viti.

Hesabu siku zako mdogo wangu. Mkutano siku 2, profaili siku 1 maana hata kama utapiga asubuhi tu mchana huendi kwingine, kuediti weka siku 2 au 3, kikao cha maandalizi na kwenda kuona ukumbi nusu siku. Hiyo ni karibu wiki nzima ya kazi, laki 4 ukiigawanya ukatoa usafiri, msaidizi na vifaa vya kukodi, unabaki na hela ya bodaboda. Kwenye harusi ukichaji kidogo unakula, unakunywa na kamati inakutunza, huku hamna kutunzwa.

Chaji kwa siku. Kwa picha usithubutu kwenye mkutano, utaanza kubishana na mhasibu picha ipi imehesabiwa na ipi haikuhesabiwa. Mimi naandika siku ya ukumbini mstari wake, profaili mstari wake (hapo ndo unaweza kuweka bei kwa kichwa, yani kwa mfanyakazi, ili wakiongezeka kutoka 35 wakawa 48, na wataongezeka, usifanye za ziada bure), kuediti na kukabidhi mstari wake, msaidizi na vifaa mstari wake. Wakisema bajeti haitoshi hushushi bei hivi hivi, unatoa mstari. Unawaambia sawa, tunatoa msaidizi, lakini picha za kutuma papo hapo hazitakuwepo.

Alafu kuna kitu watu wa harusi hawakijui. Kampuni ikikulipa inakata 5% ya kodi ya zuio kabla hela haijakufikia. Ukiandika 2,400,000 benki itaingia 2,280,000, usije ukapiga kelele umeibiwa, ila hakikisha wanakupa cheti cha zuio kwa hiyo laki na ishirini maana ndo unachoenda nacho TRA wakati wa hesabu za mwaka. Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) watakudai, bila hiyo mhasibu hasogei. Leseni nenda manispaa kesho asubuhi, watakuuliza tax clearance (cheti kwamba mambo yako ya kodi yako sawa) kwa hiyo anzia TRA.

chuma_cha_pua
Mnampoteza kijana. Mjini sa hivi kuna madogo wana kamera kali wanapiga mkutano kwa laki na nusu kwa siku na picha unapata jioni hiyo hiyo. Weka laki 6 kazi yote, pata jina, hela itakuja baadae.

mzee_wa_flashi
@chuma_cha_pua hiyo baadae mimi niliisubiri miaka 3. Mteja akishakujua kwa laki na nusu, siku ukisema laki tano haoni umekua, anaona umemgeuka. Anakutafutia mwingine wa laki na nusu.

bi_mawasiliano
Nimekaa upande wa pili wa meza kwa muda, kazini kwetu mimi ndo ninayeomba kotesheni tatu na kuzipeleka manunuzi, kwa hiyo acha niseme tunavyoziangalia. Mdogo wangu, bei sio ya kwanza. Ya kwanza ni makaratasi yapo au hayapo. Nimeshaacha wapiga picha wazuri mno, roho inauma, kwa sababu leseni imeisha au jina la akaunti ya benki ni la mke wake. Kotesheni iwe PDF yenye jina la biashara, TIN, namba ya kotesheni, tarehe, inaisha lini, na maelezo ya nini tutapata. Usiandike "picha nzuri za kisasa". Andika picha zisizopungua ngapi, zilizoeditiwa, kwa njia gani, baada ya siku ngapi. Na usianze kazi bila LPO (oda ya manunuzi ya maandishi kutoka kampuni) mkononi hata kama aliyekuita ni ndugu yako, maana siku ya kulipa sio yeye anayelipa.

La pili, na hapa ndo watu wa harusi wengi wanaanguka, sisi hatuhitaji picha zote, tunahitaji picha kumi NDANI YA SAA MOJA. Mgeni rasmi akishashuka jukwaani, mtu wake wa habari anazitaka, magazeti wanazitaka, bosi wangu anataka kuposti kabla ya chakula cha mchana. Picha ya ufunguzi ikinifikia keshokutwa ni picha ya makumbusho. Kwa hiyo uwe na msaidizi mwenye laptopu, unampa kadi, anachagua, anarekebisha mwanga kidogo, anatuma. Na kama ni wasap tuma kama dokumenti, ukituma kama picha wasap inaikandamiza, ikienda gazetini inakuwa ukungu.

Ukifika, kabla ya kufungua begi, omba ratiba na ukae dakika tano na MC na mtu wa itifaki. Ujue meza kuu nani ni nani, nani anakabidhi nini kwa nani, saa ngapi. Niliwahi kupata mpiga picha aliyempiga mwenyekiti wa bodi mara mbili tu siku nzima, zote amefumba macho, na mume wa mmoja wa wageni, ambaye hakuwa na cheo chochote ila suti yake ilikuwa nzuri, alikuwa na picha kumi na nane. Nilitamani ardhi ipasuke.

Picha ya pamoja ndo mtihani wako. Mgeni rasmi ana dakika kumi, gari limeshawashwa, na kila mtu anataka kukaa mbele. Panga viti mapema WAKATI hotuba zinaendelea, hesabu viti vya mbele uvijaze majina na mtu wa itifaki, simama juu ya kitu, na uwe na sauti. Halafu mgeni rasmi anabaki amekaa, makundi yanabadilika nyuma yake, bodi, menejimenti, wadhamini, mawakala kwa mikoa. Piga kila kundi mara tano sita, kuna mtu atafumba macho tu.

Na tafadhali usipige watu wakiwa wanatafuna. Sijawahi kutumia picha hata moja ya mtu na paja la kuku. Piga chakula kabla hawajakigusa, bango la mdhamini lionekane (mdhamini ndo ananiuliza mimi), na ukumbi ukiwa umejaa, sio saa nane na nusu watu wameshatoroka viti vitupu.

Jingine, siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kampuni kama za bima na benki zinaiogopa kweli. Sura ya mtu ni taarifa yake. Wafanyakazi watasainishwa fomu na sisi, hiyo sio kazi yako, lakini usichukue picha za profaili ukaziweka Instagram yako kujitangaza bila kuuliza. Kuna mmoja alifanya hivyo hatukumwita tena.

mzee_wa_flashi
Bi Mawasiliano umemaliza kila kitu, acha niguse vifaa. Dogo, hiyo 6D yako haiingiliani na lenzi za Sony, kwa hiyo A7 III ikizima una bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon isiyo na jicho. Tena 6D ina nafasi ya kadi moja tu. Iache nyumbani, kodi bodi ya pili ya Sony pamoja na lenzi ya kuvuta mbali, 70-200, maana meza kuu utakuwa mbali nayo na huwezi kusimama mbele ya wageni kila dakika. A7 III weka kadi mbili zirekodi pamoja. Ya harusi ikipotea utalia na bibi harusi mtasameheana, ya kampuni ikipotea utaandikiwa barua.

Ukumbini nyuma ya mzungumzaji patakuwa na skrini kubwa ya LED inawaka kama jua. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe itaona mwanga mwingi itapunguza, skrini itatoka safi na mheshimiwa atabaki kivuli chenye tai. Weka manyuo (manual, mwanga unapanga mwenyewe), pima usoni, skrini ikiungua ikatoka nyeupe tupu iungue, nani anaisoma. Flashi usiitegemee kule mbele, dari ya ukumbi mkubwa ipo juu mno, ukiirusha juu mwanga haurudi, unamaliza betri bure. Panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200 hadi 6400 ulale nayo, chembechembe zinatibika, picha iliyotikisika haitibiki.

Na hii iandike ukutani. Utashawishika kuweka shata ya kimya ili usisumbue hotuba. Kwa A7 III chini ya taa za LED hiyo shata ya kimya inaleta mistari mistari kwenye picha na mistari hiyo haitoki. Tumia shata ya kawaida, spidi 1/100, umeme wetu ni wa 50Hz kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde na hiyo spidi inaendana nazo. Mkono ukitetemeka subiri anyamaze kidogo kati ya sentensi, ndo hapo na mdomo unakuwa umefungwa vizuri.

Profaili 35, kila mtu dakika 5, ni kama saa tatu bila kupumzika, mwambie mtu wa rasilimali watu apange majina kwa zamu. Bandika tepu sakafuni asimame hapo hapo kila mtu, softboksi moja (taa yenye boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), kitambaa cha kijivu, na andika umbali na nguvu ya taa kwenye daftari, mwakani wataajiri wapya watano watataka wafanane na hawa. Beba tishu, ngozi zetu chini ya softboksi zinang'aa pajini mwa uso na pua, mtu akijifuta umepunguza saa nzima ya kuediti. Kabla ya kila mtu piga karatasi yenye jina lake, usije ukamwita mhasibu mkuu jina la dereva.

nai254
Wasalaam kutoka Nairobi. Mambo ni yale yale huku, 5% wanakata, na tangu 2024 kampuni haikubali invoisi yako kama si ya eTIMS (mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya huku) kwa sababu hawawezi kuihesabu kama gharama kwa KRA. Mimi nataka kuongeza mambo mawili. Moja, malipo. Wataandika siku 30, wewe soma 60 ama 90. Itisha nusu mbele, wengine watakubali, kampuni kubwa nyingi zitakataa, basi hakikisha una pesa za kulipa msaidizi wako na gharama ya kukodi lenzi kutoka mfukoni mwako kwa hiyo miezi. Nilikaa siku 112 nikingoja kampuni fulani, msaidizi wangu alikuwa ananiangalia kama mwizi.

Mbili, haki za picha. Sheria ya huku Kenya, ukitumwa kupiga picha na hakuna makubaliano, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekutuma. Wengi hawajui wanadhani ni zao kwa sababu walibonyeza. Ya Tanzania ni sheria nyingine, lakini usingoje kuijua mahakamani, andika tu kwenye kotesheni wanaweza kutumia picha wapi, tovuti, ripoti, mitandao, na wakitaka mabango ya barabarani mnaongea bei upya. Sentensi mbili zinatosha.

chuma_cha_pua
Sawa nimekubali laki 6 ni ndogo. Lakini hiyo ya mabango bongo usiseme siku ya kwanza, watakimbia 😂

bi_mawasiliano
Hatukimbii. Tunakimbia mtu anayetuambia baada ya bango kupanda.

lenzi_ya_tabata
Wakuu nashukuru sana, sijalala nimesoma yote mara mbili. Mrejesho. Asubuhi nimeenda TRA, clearance nimeomba, manispaa wameniambia nirudi kesho. Nimempigia yule dada nikamwambia ukweli kwamba leseni inatoka kesho, kacheka kasema kotesheni za wenzangu zenyewe bado hazijafika. Nimetuma PDF, siku ya ukumbini laki 5 na nusu mara mbili, profaili 20,000 kwa kichwa, msaidizi na vifaa laki 3, kuediti na kukabidhi laki 3 na nusu. Jumla 2,450,000. Mkono ulitetemeka kubonyeza tuma. Baada ya lisaa kanijibu: wanauliza kama naweza kupiga na video fupi fupi. Nimemwambia huo ni mstari mwingine.

Hawajasema ndio bado. Ila naulizia tu mapema, kuna mtu humu Dar anakodisha 70-200 ya Sony na bodi moja, siku 2, kwa dhamana ya kitambulisho na hiyo 6D?

mzee_wa_flashi
6D baki nayo. Njoo inbox, lenzi ipo, bodi ntakuulizia kwa jamaa yangu Sinza. Na uje na betri zako.