Mfuko wa umma uko tayari kulipia mafunzo kiwandani kwetu, bosi hataki. Naombeni ushauri

Shifti ya Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Miaka yote nasoma humu kimyakimya, leo yamenifika.

Ni msimamizi wa uzalishaji kwenye kiwanda cha plastiki. Tuko wafanyakazi 64, mashine za injekisheni tisa, tunatoa vifuniko, ndoo na vipande vidogo vya vifaa vya umeme. Sasa kuna mfuko wa umma wa kuendeleza ujuzi umefungua dirisha la maombi kwa waajiri wa viwandani. Mfuko unalipa nusu ya ada ya mafunzo. Nusu iliyobaki ni ya mwajiri, na mshahara wa aliye darasani unaendelea kama kawaida. Fedha hailetwi mkononi: unatanguliza yako, mafunzo yakiisha unapeleka vielelezo, ndipo unarudishiwa. Dirisha linafungwa baada ya wiki tano.

Bosi kanijibu kwa sentensi moja: "Nimsomeshe mtu ili akamfanyie kazi jirani?"

Upande wa utumishi nao wameshaletewa na chuo kimoja binafsi kifurushi kilichoiva. Siku tano, watu ishirini, mada ni uongozi, mawasiliano na kufanya kazi kwa pamoja. Ninachokiona mimi kila siku ni kingine. Kubadilisha moldi (lile umbo la chuma linaloipa plastiki sura) mchana ni kama dakika 50. Usiku, moldi ileile, masaa mawili na nusu hadi matatu, na vipande vya mwanzo vinakwenda moja kwa moja kwenye kisagio. Sidhani kama dawa yake ni mawasiliano.

Bosi namwingiaje? Na hicho kifurushi nikipitishe tu ili nafasi isipotee, au nikikatae? Nawasilisha.

Kiti cha Mbele

Ngoja waje wajuzi. Nimeshakaa.

Kalibu

Mkuu, nimefundisha ufundi miaka mingi, nusu ya miaka hiyo darasani, nusu sakafuni kwenye mashine. Hicho kifurushi kikatae. Si kwamba mawasiliano ni kitu kibaya, ila chuo kimekuja na jibu kabla ya kuuliza swali. Mwalimu makini akifika kiwandani cha kwanza huomba apelekwe kwenye pipa la mabaki, anainama, anaokota kipande kilichoharibika na kuuliza hiki kimekufa kwa ugonjwa gani. Anayeomba ukumbi na projekta kabla ya hapo, agana naye vizuri.

Kabla ya kumwendea bosi fanya jambo dogo. Wiki nzima, kila mashine ikisimama, andika saa iliyosimama, saa iliyorudi, sababu, na nani alikuwepo. Kwa kalamu, kwenye karatasi iliyobandikwa palepale ubavuni mwa mashine. Usianze na kompyuta, utaishia kubishana na kompyuta. Usiku waandike wao wenyewe, na waambie kabisa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichoandika, la sivyo utasoma "umeme ulikatika" mara kumi na nne.

Mwenye Karakana

Naomba nimsemee bosi kidogo, maana nami nina karakana ya chuma na kauli hiyo nimewahi kuitoa mwenyewe.

Anaposema mtu atahama, mara nyingi hofu iliyo chini yake ni nyingine: fedha itatoka leo na kurudi lini haijulikani. Mimi nilisubiri marejesho hadi nikayasahau. Yalikuja, lakini katikati hapo nilikuwa nimeshanunua malighafi kwa mkopo. Kwa hiyo usimpelekee hotuba ya umuhimu wa elimu. Mpelekee karatasi moja: kinachotoka mwezi huu, kinachorudi, na tufanyeje kikichelewa miezi sita. Akiuona mstari huo wa mwisho atajua umefikiri kama mwenye mali.

Na msitoe watu ishirini kwa wakati mmoja. Kati ya 64? Mashine ataendesha nani, mlinzi?

Opareta Namba 7

Ngoja na sisi wa chini tuseme. Nina vyeti vitatu vya mafunzo ya kazini, vyote vililipiwa na mifuko ya aina hiyo. Kila nikirudi nakuta mashine ileile, cheo kilekile, mshahara uleule. Cha tatu kilipotoka nilihama. Bosi wangu wa zamani mpaka leo anasimulia kwamba mafunzo ndiyo yaliyomponza.

Mkitaka mtu abaki, mwambieni kabla hajaingia darasani: ukiweza kufunga moldi peke yako na kutoa kipande kizuri cha kwanza ndani ya muda fulani, daraja lako linakuwa hili na nyongeza ni hii. Iandikwe.

Mchumi Uchwara

Ubishi wa bosi una historia, wakuu. Gary Becker, aliyepata Nobeli ya uchumi 1992, alitenganisha ujuzi wa jumla, ambao mtu anahama nao popote, na ujuzi unaofaa kwenye kiwanda kimoja tu. Kwa hesabu yake mwajiri hana sababu ya kugharimia ule wa jumla, kwa kuwa faida inaondoka na mtu. Hapo ndipo mifuko ya umma inapoingia. Kila kiwanda kikingoja jirani afundishe, hafundishi yeyote. Brazili walilimaliza hilo mwaka 1942 kwa kuunda SENAI: viwanda vinachangia sehemu ya jumla ya mishahara, vyuo vinafundisha mafundi wa sekta nzima. Ukimsomeshea jirani, jirani naye kakusomeshea.

Ila mifuko nayo hukosea. Uingereza ilianza tozo ya uanagenzi Aprili 2017, asilimia 0.5 ya mishahara kwa waajiri wenye mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya fedha ikaelekea kwa watu ambao tayari walikuwa kazini, wakiwemo mameneja, huku vijana wanaoanza wakipungua. Kile kifurushi cha uongozi ni ndugu wa damu wa hao.

Kiti cha Mbele

Mchumi leo umeamka na daftari.

Kalamu Nyekundu

Nilikuwa upande wa pili wa meza, kazi yangu ilikuwa kuhakiki madai ya waajiri. Nikwambie mnapoangukia.

Kwanza, usianze mafunzo kabla ya barua ya idhini. Mifuko mingi haitambui gharama iliyotangulia idhini, hata kwa siku moja. Nimeona dai safi kabisa linakufa kwa sababu mwalimu aliwahi Jumatatu na barua ikatoka Jumatano.

Pili ni mahudhurio, na hapa ndipo pa kulia. Nakumbuka daftari moja la siku tano. Saini zote wino mmoja, mwinamo mmoja, na jina la tatu kutoka juu lilikuwa limesaini siku ambayo kadi ya saa langoni ilionyesha mwenyewe yuko likizo ya ugonjwa. Nilipouliza nikaambiwa "alipitia mara moja". Dai zima lilirudi, pamoja na wale waliosoma kweli. Kila kipindi kisainiwe kivyake, asubuhi na mchana, na mtu wa mishahara alinganishe na kadi kabla hujatuma.

Tatu, soma mfuko wako unalipia nini hasa: kuhudhuria au matokeo. California wana chombo kinachoitwa Employment Training Panel, tangu 1982. Kule mwajiri hupata fedha yake pale mfanyakazi anapomaliza mafunzo na kubaki kazini kwa muda uliowekwa, kwa kawaida siku 90. Masharti ya namna hiyo yakiwa kwenye mfuko wenu, ushauri wa Opareta 7 unageuka kuwa hesabu ya fedha. Akihama siku ya 60, umelipa wewe.

Shifti ya Pili

Nimerudi wakuu, siku tisa zimepita. Kalibu, nilifanya ulichosema.

Kwa wiki moja mashine zilisimama jumla ya masaa 33. Moldi tulibadilisha mara 14, mchana tisa na usiku tano. Zile tisa zilikula masaa saba na nusu. Zile tano za usiku, masaa 14 kasoro. Kilichobaki ni kungoja malighafi na mpira wa haidroliki uliopasuka.

Juzi nikakesha nao nione kwa macho. Kufungua na kufunga bolti vijana wanaweza, tena kwa kasi. Wanakwama kwenye mipira ya maji ya kupoozea. Iko minane, yote myeusi, na wakikosea inayoingia na inayotoka, upande mmoja wa moldi unabaki wa moto na vifuniko vinatoka vimejikunja kama jani kavu. Wanarudia, wanajaribu, wanarudia tena.

Mchana hilo halitokei kwa sababu yupo mzee wetu mmoja, amebakiza kama miaka miwili kustaafu. Nilimfuata nikamwamkia, nikamuuliza mbona yeye hakosei. Alicheka, akavuta droo ya spana, akainua tambara, akatoa daftari. Kila moldi ina ukurasa wake: joto, presha, sekunde za kupoa, na mchoro wa mipira ya maji kwa penseli. Miaka kumi na tisa iko mle. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kumwonyesha mtu, akasema, "Nani aliniuliza?"

Sina la kuongeza. Swali langu limebadilika: mfuko unaweza kulipia mzee awe ndiye mwalimu?

Kalibu

Hapo sasa! Lakini usimkabidhi vijana ukaondoka. Kujua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili. Wamarekani waligundua hilo wakati wa vita kuu ya pili, viwanda vilipojaa wageni wa kazi. Serikali iliendesha mpango uitwao Training Within Industry, 1940 hadi 1945, na moja ya kozi zake ilikuwa kumfundisha msimamizi namna ya kumfundisha mwenzake, saa kumi tu, vipindi vitano vya saa mbili. Muandae mtu, mwonyeshe hatua kwa hatua ukimweleza penye ujanja, mwache afanye huku akikueleza yeye, kisha mfuatilie. Kauli yao ilikuwa kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hakufundisha. Baada ya vita Wajapani waliichukua, Toyota wakiwemo.

Kwa hiyo omba mambo mawili: mzee na mwingine mmoja wafundishwe kufundisha, kisha vijana sita wa usiku wapite kwake, wawili wawili. Na hiyo mipira ipakeni rangi kesho, msisubiri mfuko.

Kalamu Nyekundu

Ipo mifuko inayokubali mwalimu wa ndani, na ipo isiyotaka kabisa kusikia. Waulize kwa maandishi, wakujibu kwa maandishi. Wakikubali, saa zake za kufundisha zitenganishwe na za uzalishaji, maana akifundisha huku mashine inatoa bidhaa za kuuza, mhakiki atakuuliza ni ipi. Na kipimo unacho tayari, zile dakika. Weka za kabla kwenye ombi, ahidi za baada.

Mwenye Karakana

Kabla ya yote muulize mzee mwenyewe kama anataka. Daftari ni lake.

Shifti ya Pili

Nimemuuliza, Mwenye Karakana. Amekubali kwa sharti moja, jina lake liandikwe kwenye nakala. Barua ya kuuliza mfuko imetoka leo asubuhi, na ile ya utumishi kwa chuo imesimama.

Bosi bado hajasema ndiyo. Karatasi yenye mstari wa miezi sita aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Kesho usiku tunabadilisha moldi mashine namba nne. Nimemwomba aje, asimame pembeni asiseme neno, na aje na saa yake mwenyewe.