Vitawi vya mrehani wa bibi vinaoza kwenye maji, nakosea wapi?

Swali (Tanga mjini)
Habari zenu. Nina mrehani mmoja niliouhamisha kutoka ua wa marehemu bibi yangu, Pangani, kabla nyumba haijauzwa. Ni ule wa majani madogo. Kanga ikiugusa tu, harufu inakufuata mpaka ndani. Bibi alikuwa akiuchuma jioni, akaufunga kikuba na asumini. Sasa umezeeka, shina limekuwa gumu kama kuni, na juu ni maua matupu. Nilikata vitawi 6 nikavitia kwenye glasi ya maji dirishani penye jua, maji nabadilisha kila baada ya siku tatu. Siku ya nne vikawa vyeusi chini, maji yananuka. Mbegu ninazo, lakini mirehani huchanganyika, na mimi nautaka huuhuu.

Jibu (Mombasa)
Pole mwanangu. Usikate kitawi chenye maua, hicho nguvu zake zimeshakwenda kwenye mbegu. Yakate maua yote leo, uumwagilie, usubiri. Baada ya wiki mbili hivi utaona machipukizi ubavuni. Chukua hayo, mabichi, urefu wa kidole au zaidi kidogo. Kata kwa wembe chini tu ya kifundo, pale majani yanapotokea, maana mizizi hutokea hapo kwa wepesi. Majani ya chini yapukuse, jani lolote likizama ndilo linaloozesha. Glasi iwe kivulini penye mwanga, maji yabadilishwe kila siku.

Jibu (Lushoto)
Dada, mimi napanda rozimari, situmii maji kabisa. Nachomeka kitawi kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, nafunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Rozimari huchukua mwezi na zaidi, mrehani wako utawahi. Ila nakuomba sana, usichote mchanga wa ufukweni! Una chumvi, utaviua vyote. Tafuta wa mtoni.

Muulizaji
Shikamoo mama, na asante kaka. Mchanga nilikuwa nimeshachota ufukweni Raskazone, nimeumwaga. Na maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, je?

Jibu (Mombasa)
Marahaba. Hayo yaache. Kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba yaliyolala usiku kwenye ndoo.

Muulizaji, mwezi mmoja baadaye
Nimerudi. Maua niliyakata, machipukizi yakaja kama mama alivyosema. Nilikata 8: vinne kwenye maji ya mvua, vinne mchangani. Vya kwenye maji vilitoa mizizi myeupe siku ya tisa, vyote. Nilingoja ifike kama sentimita 4 ndipo nikavihamishia kwenye kopo lililotobolewa chini. Siku mbili za kwanza vililegea mpaka nikaogopa, nikaviweka chini ya mwembe, vikasimama. Vya mchangani vimeshika viwili. Kimoja kimekwenda Pangani kwa mama mdogo, ameshakipanda karibu na mlango wa jikoni.

Jibu (Mombasa)
Mwambie akivunje ncha kikifika shibiri, kitatoa matawi.