Marubani wa Uingereza walioruka kutoka Vaenga mwaka 1941: walikwenda kupigana au kufundisha?

Swali
Ndugu wanajukwaa, siku zote nimeamini kwamba msaada wa Uingereza kwa Umoja wa Kisovyeti katika Vita Kuu ya Pili ulikuwa wa shehena tu, yaani vifaru, ndege na malighafi zilizopelekwa kwa meli kupitia Bahari ya Aktiki. Juzi nimesikia kwamba marubani wa Kiingereza nao waliwahi kuruka vitani kutoka kiwanja cha Kisovyeti. Kama ni kweli, walitumwa kupigana au kufundisha?

Jibu la kwanza
Ni kweli kabisa. Kikosi cha 151 cha Jeshi la Anga la Uingereza, chenye skuadroni mbili, ya 81 na ya 134, kilipiga kambi Vaenga mnamo Septemba 1941, karibu na Murmansk, mji ambao Wajerumani waliutamani kwa kuwa bandari yake haigandi barafu hata katikati ya majira ya baridi. Kilikuwa na ndege 39 za kivita aina ya Hurricane: 24 ziliruka tarehe 7 Septemba kutoka Argus, manowari ya kubebea ndege, na 15 zilifika Arkhangelsk zikiwa ndani ya makasha, zikaunganishwa huko huko. Ilipofika tarehe 12 walikuwa wamekwisha kupambana na Wajerumani na kupoteza rubani mmoja. Kupigana, walipigana.

Jibu la pili
Tarehe sizipingi, ila naona uzito umewekwa pasipo pake. Ndege zile zilipelekwa ili zikabidhiwe, na mapigano yalikuwa njia ya kuzilinda na kuzionyesha kazi zake hadi wenyeji wazimudu. Jenerali Kuznetsov, mkuu wa ndege za Meli za Kivita za Kaskazini za Kisovyeti, alijifunza kuirusha Hurricane yeye mwenyewe, na Boris Safonov, rubani hodari kupita wote wa eneo lile, naye aliirusha. Kila kitu kilikabidhiwa Oktoba. Si kwamba Waingereza walikuwa na la kufundisha tu: walipozisindikiza ndege za mabomu za Kisovyeti aina ya Pe-2, walitoka jasho kuandamana na kasi yake.

Jibu la tatu
Mbona mafundi hamwataji? Ardhi ya Vaenga ilikuwa mbovu, na ndege ikitembea chini ilielekea kuinamia pua, kwa hiyo mafundi wawili walilala juu ya mkia ili kuukandamiza mpaka ifike pa kurukia. Tarehe 27 Septemba rubani mmoja wa skuadroni ya 134 aliruka kabla hawajashuka. Ndege ikaanguka, mafundi wote wawili wakafa, na yeye akaumia vibaya. Umoja wa Kisovyeti ulikitunuku kikosi hicho Nishani nne za Lenin, nishani ya juu kabisa ya nchi hiyo: ya kamanda Ramsbottom-Isherwood, mzaliwa wa New Zealand, za wakuu wa skuadroni Rook na Miller, na ya sajini Haw. Wote wanne walikuwa marubani.