Mkutano wa kijiji eti "umeridhia" ekari 200, watu walisaini mahudhurio tu!!

Wakuu nimerudi juzi kutoka kijijini na hasira hazijaisha, naandika hivi hivi msinisahihishe herufi.

Iko hivi. Kwetu kuna eneo la malisho, ekari kama 200, toka tunazaliwa ng'ombe wanalishwa pale. Sasa kaja mwekezaji, mara tunasikia kashapewa, kuuliza tunaambiwa mkutano mkuu wa kijiji uliridhia na muhtasari upo. Nikaenda kwa mtendaji kuomba niuone, kanizungusha siku mbili, ya tatu ndo kanionyesha tena kaushikilia mwenyewe utadhani nitakimbia nao. Jina la bamdogo wangu limo, na saini nzuri ina mkia kabisa. Bamdogo hajui kuandika!! Maisha yake yote anaweka dole gumba. Namuuliza anasema siku hiyo ilipitishwa karatasi ya mahudhurio mwanzoni, wakaongelea mbolea ya ruzuku na zahanati basi, ardhi haikutajwa.

Na sheria ipo bana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie, na mkutano mkuu ni kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, hakuna cha mbunge wala diwani katikati. Wananchi wenyewe ndo waamuzi. Halafu nguvu yote hiyo inalala kwenye droo ya mtendaji.

Sasa asije mtu hapa na ile "wanakijiji hawaelewi mambo, tuwaachie wawakilishi". Wawakilishi gani? Rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania, ile ya tume ya Jaji Warioba ya Desemba 2013, ilitupa haki ya kumtoa mbunge kabla ya miaka mitano na ikawawekea wabunge ukomo wa vipindi vitatu. Ikaingia Bunge Maalum la Katiba, mle wabunge wamejaa tele, Oktoba 2014 ikatoka vyote viwili havimo. Mlitegemea nini, fisi umemkabidhi bucha. Na ile kura ya maoni ya wananchi kuhusu hiyo Katiba, ya 30 Aprili 2015, ikaahirishwa ndo mpaka leo.

Ila na sisi wa kunyoosha mikono tusijidanganye. Nimeshakaa mikutano hiyo, mwenyekiti anauliza "wanaokataa?" huku anakukazia macho, nani anyooshe wakati kesho unataka barua ya utambulisho na mhuri anao yeye? Wamama wanaangalia kwanza mkono wa baba mwenye nyumba uko wapi. Hata Uswisi wanakosifiwa, jimbo la Appenzell Innerrhoden, Aprili 1990 wanaume walikusanyika uwanjani wakanyoosha mikono kuwanyima wanawake kura, mpaka mahakama ya shirikisho ikaingilia Novemba. 1990 hiyo jamani, siyo enzi za mababu.

Mimi naona jambo la ardhi lipigiwe kura ya siri, hata iwe punje za mahindi na maharage kwenye ndoo, na muhtasari usomwe palepale watu hawajatawanyika.

Haya wanasheria wa humu: nakala ya muhtasari naipataje wilayani bila kupita kwa huyu mtendaji? Na nianzie baraza la ardhi la kijiji (ambalo ni walewale) au niende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Bamdogo kasema nauli anayo, na dole gumba lake anakuja nalo.